Mfuko wa Ndani

Alifika Bidiya na masanduku manne,
Mundhiri Sarhani mwenyewe, yule yule
ambaye mama alibandika picha yake jikoni
juu ya kalenda ya duka la mchele,
aliyeinyamazisha nyumba nzima usiku wa Ramadhani
kwa kunyanyua unyusi mmoja.
Sasa wamempa pembe.
Pembe za mpira, na mkia,
na joho jekundu la poliesta:
mfalme wa majini, filamu ya watoto wa Dubai
wasiomwogopa jini yeyote.

Mimi fundi wa nguo. Nimetoka Ibra,
soko la wanawake la Jumatano,
miaka ishirini natarizi miguu ya suruali za maharusi
kwa uzi wa fedha, kazi isiyotaka pupa.
Huku wakaniambia, "Bi Shamsa, upesi,
kamera haioni mshono."
Riali mia tatu. Nikasema ndiyo
hawajamaliza kutamka mia.

Alinisikia nikimgombeza dada yangu simuni,
akaingilia kwa Kiswahili cha bibi yake wa Wete,
Kiswahili chenye vumbi, lakini kinatembea.
"Dada, nishonee mfuko. Ndani, kushoto."
"Mfalme wa majini ana mfuko?"
"Huyu anao."

Nilimuuliza nikiwa na pini mdomoni
(mwenye pini mdomoni ni kama anajisemea):
wewe uliyemzika baba yako kwenye televisheni
mpaka sisi huku tukapika chakula cha matanga,
kweli umekuja kuvaa mkia?

Hakukasirika. Aliinua mkono nipime kwapa.
"Zile kazi za machozi zilinilipa salamu.
Kila mkahawa wa Matrah, salamu.
Nenda benki kaweke salamu."
Nikangoja ataje mama mgonjwa,
mtoto anayesoma ng'ambo.
Hakutaja.
"Nataka bwawa la kuogelea," akasema.
"Lenye vigae vya buluu."
Hapo nikampenda kidogo.

Saa nne asubuhi mchanga ulikuwa haukanyagiki.
Maneno yake yalikuwa mawili: Leteni moto!
Aliyasema mara thelathini na saba,
nasi tunatazamana, moto gani tena?
Kila wakipumzika alikimbilia garini kwenye ubaridi
akala halwa kwa vidole, pembe zikigusa paa.

Nilimwona akiigiza siku moja tu,
na kamera zilikuwa zimeshafunikwa.
Mhasibu alikuja na neno "wiki ijayo".
Mzee akaketi chini, taratibu,
akaweka gilasi mchangani kwa mkono unaotetema,
akaanza kumuulizia mhasibu habari za baba yake.
Sauti ndogo. Nilisogea ili nisikie, nikasahau pasi.
Yule kijana alirudi na bahasha, macho mekundu,
akaomba radhi mara mbili.
Alipogeuka kwenda,
ule unyusi ukanyanyuka, upande wangu.

Hoteli hakuiamini, wala gari.
Kesho yake mfalme wa majini alikufa
mkono kifuani, kushoto, ameshika, ameng'ang'ania,
akauachia uhai kidole kimoja kimoja.
Mbeba nyaya alivuta kamasi.
Mwongozaji alisahau kusema basi.

Nimeiona Nizwa, na watoto wa dada,
bisi mpaka kwenye viatu.
Filamu mbovu. Walicheka pasipochekwa.
Lakini alipokufa, mdogo akanishika:
"Shangazi, anaumwa moyo?"
Anaumwa, nikamwambia.
Ukikodoa utaona kifuani kitu cha pembe nne
kinapanda na kushuka.

Mia yangu ya mwisho hawajanilipa.
Nikipiga simu, inshallah.
Na lile joho nililishona kama walivyotaka, mbio mbio,
litakuwa limeshafumuka.
Ila mfuko. Mfuko niliushona kwa uzi wa fedha,
mshono mdogo, wa harusi,
mahali ambapo hata yeye hakuchungulia.
Usiniulize kwa nini.
Uzi ulikuwa mkononi.